Pumzi ya Akonkwa

Kwenye kabati la sebuleni, hapa Nguba, Bukavu,
kuna kiatu kimoja chenye misumari, cha kushoto.
Cha kulia alikitupa mwenyewe bondeni
siku aliyopitwa na kijana wa Uvira
kwa upana wa kifua tu, mita mia nane,
mvua ikipiga uwanja wa Kadutu.

"Pumzi iliniishia kwenye kona," alituambia,
nasi wanawe tukacheka:
baba, kwani pumzi ni mkaa?

Baadaye, sare nyeupe. Luteni.
Boti la doria, usiku, Idjwi imelala gizani,
na wavuvi wa sambaza, taa zao zikiyumba,
wakiinua mikono kabla hajawauliza lolote.
Aliona haya kwa mikono ile.
Hakuisimulia zaidi ya hapo.

Akarudi shule na miaka arobaini na moja,
akakaa benchi moja na vijana waliomwita afande
huku wakimwazima kikokotoo.
Methani, alisema, akilitamka kama jina la mkwe.
"Ziwa limebana gesi kifuani
kama mimi pale mstarini,
bastola bado haijalia."

Siku hizi anashusha chupa kwa kamba, mita mia tatu,
anaipandisha polepole kama mtu aamshaye mgonjwa.
Moja aliileta nyumbani, akaiweka mezani
kati ya ugali na sombe.
Mama akasema chakula kinapoa.
Yeye alikuwa ameinama, sikio kwenye kizibo,
kidole kimoja juu: ngojeni.

Tukangoja. Kifua chake hakikupanda.