Mwaka Usio na Mstari

Kitanda nilikipandisha Machi, kama desturi,
matofali manne kila mguu.
Mume wangu akilala anasema
amekuwa mzigo wa juu ya basi.
Unga ndani ya ndoo, ndoo juu ya kabati.
Vyeti vya watoto kwenye nailoni, nailoni msumarini.
Tukakaa tukiyasubiri maji kama unavyomsubiri mdai:
humpendi, lakini kiti umeshamtengea.

Hayakuja.

Aprili ikapita na jua lake la Januari.
Mei, Msimbazi ukajikunja katikati ya mchanga,
mwembamba, rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni,
kuku wanavuka bila kulowa kucha.
Vumbi likapanda hadi kwenye kamba ya nguo,
shati jeupe la Zamda la shule
likakauka likiwa kahawia.
"Mama, mwalimu anasema jangwa
ni mahali pasiponyesha.
Kumbe ndio sisi wenyewe?"
Nikacheka. Miaka kumi na tisa naishi Jangwani
na jina hili sijawahi kulichungulia ndani.
Ni kama jirani anayeitwa Shida:
unamsalimia kila asubuhi, hujiulizi kitu,
mpaka usiku anapokuja kupiga hodi.

Nyuma ya mlango nina mistari yangu ya mkaa.
Huu wa gotini, mwaka aliozaliwa Zamda.
Huu wa kiunoni, mwaka friji lilipoelea
likazunguka sebuleni taratibu kama bwana harusi.
Huu juu ya swichi, huo hatuuzungumzii.
Na nje, ukuta uleule, alama nyekundu ya watu wa bomoabomoa,
ambayo haipimi maji,
inatupima sisi.

Mwinyikondo, anayevusha watu kwa mkokoteni
barabara ikijaa, mia tano kichwa,
wenye viatu vya ngozi buku,
aliuegemea mkokoteni mkavu mwezi mzima.
"Shangazi, tuombee mvua."
Nikamwambia: "Nizame mimi ili ule wewe?"
Akanyamaza, akaikwangua kutu kwa kucha.
Kisha, kwa sauti ya chini: "Ya magotini tu."
Nilitaka kumtukana, nikashindwa.
Dumu la maji lilikuwa limefika mia sita,
nami, astaghafiru, nilikuwa nimeanza kutazama mawingu
kama mtu anayetazama simu
ya yule aliyemkataa mwenyewe.

Tarehe nane Juni nikakishusha kitanda.
Matofali kumi na sita, nikayapanga kibarazani.
Masika yamekwisha, nikasema, hata kama hayakuanza.
Kipupwe kikaingia, watoto wakadai masweta,
tukalala chini kama watu wa milimani.

Usiku wa tatu ikanyesha.
Mvua isiyo na mwezi wake,
ikagonga bati kwa fujo kama mlevi aliyekosea nyumba.
Mume wangu akaruka na godoro kichwani,
mimi na vyeti, Zamda na paka,
tumesimama gizani, miguu mitupu,
tukisikiliza sakafu.

Saa nzima. Kisha mlevi akaomba radhi, akaondoka.

Alfajiri Mwinyikondo alikuwepo barabarani
mbele ya dimbwi lisilofika kifundoni.
Watu wakaruka, wakaenda zao kazini.
Bibi mmoja tu alipanda, kwa huruma,
akashukia upande wa pili na kanga kavu
akamlipa mia mbili.

Niliporudi ndani Zamda alikuwa juu ya stuli,
mkaa mkononi, amenyoosha mkono hadi vidole vinatetemeka,
anachora juu ya gotini, juu ya kiunoni,
juu ya ule tusiouzungumzia.
"Acha, we! Maji hayakuingia mwaka huu!"
"Najua," akasema bila kugeuka.
"Hapa ndipo lilipofika vumbi."

Sijaufuta.
Kitanda bado kipo chini.
Matofali bado yapo kibarazani, yamelowa upande mmoja.