Hamira

Saa tisa usiku, Raskazone, chumba cha mitungi.
Nyuzi thelathini. Nasikiliza povu
kama shangazi Mwantumu alivyosikiliza beseni lake kule Mikanjuni,
sikio karibu na kifuniko, mkono kiunoni.

Alinifundisha kwa unga wa mchele na tui:
hamira haikimbizwi.
Ukiizidishia joto inakufa, ukiinyima sukari inanuna.
Hakujua kwamba ananisomesha kazi.

Maana hii nayo ni hamira, ndugu yake ile ya dukani,
ila tumeipenyezea mistari michache
katika kitabu chake cha ukoo,
nayo inasoma na kutii, haiulizi ni mkono wa nani:
inakula sukari, inacheua hewa, inatema protini.

Uvimbe, kwa ujanja wake, humwendea askari wa damu,
humshika mkono:
"Mimi wa hapa hapa, mwana wa nyumba hii."
Askari akashusha rungu.
Protini yetu inapita katikati, inaubandua ule mkono.
Basi. Yenyewe haiui.
Inamrudishia mlinzi macho yake.

Nilimweleza hivyo shangazi, titi la kushoto limeshakwenda.
Akacheka mpaka akashika mshono:
"Kikulacho ki nguoni mwako.
Hilo ndilo mmelisomea miaka saba?"

Mtungi wa nne tuliumwaga Jumanne.
Protini zilijikunja vibaya, kama sambusa
iliyofungwa na mtoto, nyama nje, pembe hazikutani.
Wa tano, umeme ulikatika, jenereta likakohoa,
likachelewa dakika kumi na moja.
Daktari Semkiwa akaandika *imekufa* kwa kalamu nyekundu,
akanywa chai yake ikiwa imepoa.

Huu wa sita unapanda.
Lakini mbele kuna kuchuja, kuna panya, kuna fomu,
kuna watu wa mbali wa kusema ndiyo.
Miaka, si siku. Shangazi anajua kuhesabu.
Hanidai.

Simu inaita. Maumivu hayamwachi alale,
au ni mazoea: saa hizi ndipo alipokuwa akiwasha jiko,
nami nimesimama na sahani, macho mazito,
vitumbua bado.

"Imeumuka?"

Naangalia kioo. Povu limefika alama ya pili.
Imeumuka, shangazi.

"Haya. Usiifunuefunue."