Daftari la Vipimo

Mwaka ule tepu ilining'inia shingoni bila kazi.
Nilipima watu kwa macho.
"Simama hapo hapo mlangoni," nilisema,
"geuka kidogo. Tena. Haya, nenda."
Kiuno nikakikisia, bega nikalibahatisha,
na gauni la Somoe likatoka limembana
hata kukaa hawezi. Akaniambia: "Fundi,
hii korona imekula mpaka macho yako?"

Newala maji ni ya kununua.
Ile ndoo ya koki pale kibarazani
niliijaza kwa fedha ya mkate.
Wao wananawa, mimi nahesabu.
Tone likidondoka nje ya beseni
nilisikia sarafu ikigonga sakafu.

Nikashona barakoa.
Vipande vya vitenge, vya kanga, vya shuka,
na mapambo ya harusi moja iliyoahirishwa
mpaka wenyewe wakaachana kabla ya kuoana.
Nilishona mia tatu. Mia na tisini zikauzwa.
Halafu siku moja hakuna aliyeuliza bei.

Hakuna aliyetangaza, hakuna kengele.
Ilikwisha kama mvua za hapa kwetu zinavyokwisha:
wewe bado umejikunyata chini ya bati
na jirani ameshaanika nguo.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Chilumba.
Si kiwiko, si kugonganisha viatu,
mkono mzima, una sugu za panga.
Nikautazama kama risiti ya deni nililolisahau,
kisha nikaupokea.
"Zile barakoa zimebaki? Nipe zote.
Vijana wanapuliza salfa wiki hii."
Mia na saba zikaingia mikoroshoni
kwa bei ya kutupa.
Tatu nilibaki nazo. Moja nachujia tui.

Koki niliing'oa,
tundu nikaliziba kwa kandambili ya kuyeyusha.
Ndoo ikarudi kuwa ndoo.

Desemba wakaja wasichana wa unyago,
wale waliongojeshwa mwaka mzima.
"Tumia vipimo vya zamani," mama zao wakanihimiza,
"vimo humo daftarini."
Nikakataa. Mwaka si siku moja, na mwili haungoji tangazo.
Tepu ilipomgusa wa kwanza ubavuni
aliruka, akacheka, akajikunja,
na vidole vyangu, nakiri, vilitetemeka
kama vya mwanagenzi.

Nikifungua daftari nakutana naye:
*Bakiri Nandonde. Shati, mikono mirefu.
Mfuko mmoja, kushoto, wa miwani.
Kifua: arobaini na mbili.*
Shati lilikaa msumarini tangu Mei.
Walisema ni kifua.
Nasi tuliitikia, kifua,
tukazika upesi, tukaenda zetu kila mtu na njia yake,
na mimi nikaendelea kulifuta shati vumbi
kila Ijumaa, kwa nini, sijui.

Mjane wake alikuja na mjukuu.
Hakukaa. Alitazama msumari tu.
"Lipunguze. Litamfaa Shaibu."
Nikamzungushia kijana tepu:
thelathini na nne, na bado anapumua juu juu kwa aibu.
Nililibana shati lakini sikulikata.
Kitambaa kilichozidi nimekikunja ndani ya mshono,
siku akitanuka, atakikuta.
Mfuko wa miwani nimeuacha.
Anatia simu.

Jina la babu sikulifuta.
Nimeandika la Shaibu chini yake, kwa kalamu nyingine
kwa sababu ile ya bluu ilikuwa imekwisha wino.

Leo asubuhi ukungu haujapanda kutoka bondeni,
Somoe huyo, gauni lake kwapani.
Limfumuliwe lote, anasema, na safari hii nipime kweli.
Ananiuliza habari za mguu wangu, za mwanangu wa Nanyamba,
bei ya uzi, na kwa nini kibaraza hakijafagiliwa.
Mimi natafuta kalamu.
"Fundi! Nimenyoosha mikono mpaka inauma.
Unasubiri nini?"