Tarakimu Ishirini

Jina langu limetoka.
Ukurasa wa thelathini na moja, katikati
ya Mwajabu na Mwanahawa nisiowajua:
Mwamvua Pazi Kondo, mteknolojia wa maabara,
Sumbawanga. Uripoti ndani ya siku kumi na nne.
Asiyefika, nafasi yake atapewa mwingine.

Miaka sita nimeuza panadoli dukani Temeke
nikiapa kwamba hata wakinipangia mwisho wa ramani
nitakwenda na begi moja, nikiimba.
Wamenipangia.
Begi liko juu ya kabati. Sijalishusha.

Kaka Hamduni kacheka kwenye simu kutoka Mbagala:
"Huko usigombane na mtu mawingu yakitanda,
radi yao ina anwani."
Halafu akanyamaza. Halafu: "Na Baba?"
Akalisema kama arudishaye sahani ya jirani
bila kitu ndani.

Na Baba.
Kila alfajiri, Yombo nzima ikiwa bado inakoroma,
namtoboa kidole. Cha pete Jumatatu,
cha kati Jumanne, nisije kukichosha kimoja.
Tone likitokeza nasoma namba, naiandika
kwenye daftari lenye twiga jaladani:
saba nukta mbili.
Kumi na moja nukta nane, na pembeni:
alikula kalmati kwa Mama Sikujua, kakana.

Nimepiga hesabu zote zinazopigika.
Mshahara, toa chumba, toa nauli ya Idi,
toa blanketi (nasikia kule Julai maji hayashikiki),
toa binti wa kumlipa amwangalie Baba.
Kinachobaki kinatosha dawa
na bado chenji ya bati jipya la jikoni.
Hesabu inakubali.
Ni mkono tu unaokataa kupiga mstari wa jumla.

Mama Sikujua anasema mtoto ni wa kumzika mzazi,
si wa kumtumia miamala.
Kesho yake, yeye huyohuyo, akianika:
"Nenda bwana. Huruma hainunui insulini."
Namwambia achague moja.
Anakung'uta shuka.

Jana usiku umeme ukakatika, kwetu tu.
Nikanunua wa elfu mbili. Zikaja tarakimu ishirini,
na kama kawaida nikampa Baba simu
anisomee, nami nibonyeze.
Akairudisha. "Leo soma wewe."
Akapapasa ukuta mpaka kwenye luku.

Nne, tisa, sifuri, mbili, nikasoma.
Alibonyeza polepole, kama anayeonja chumvi.
Akakosea. Mita ikalia. Tukaanza upya.
Akakosea tena, akatukana kidogo, kwa Kizaramo.
Mara ya tatu kukawa kweupe,
na sote wawili tukatazama pembeni
kama watu waliofumaniwa.

Daftari lilikuwa mezani,
limefunguliwa kurasa za mwisho, ambako mimi sifiki.
Mwandiko si wangu,
umelala kama nyasi baada ya mvua:
Alhamisi, saa tisa mchana, 8.4.
Ijumaa, saa tisa mchana, 9.1.
Jumamosi kuna doa la damu tu, namba hakuna;
pengine kijiti kilimponyoka,
pengine aliogopa.

Saa tisa mimi huwa dukani.
Orodha ilitoka Jumatano.

Sikumwuliza. Naye hakuniuliza.
Aliomba chai, akasema isiwe na sukari,
kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa.
Nikapanda kwenye kiti, nikapapasa juu ya kabati.
Vumbi, na zipu iliyokwama.
Nikalishusha begi, nikaliweka sakafuni,
nikaketi juu yake
nikahesabu siku zilizobaki,
nikakosea,
nikaanza upya.