Kwapa la Kushoto

Waliniletea koti saa nane, limechanika kwapani,
wakasema ni la Numbi Mukalay, anacheza saa kumi na mbili.
Sikuuliza limechanikaje. Nilipenyeza mkono ndani
nikakuta chumvi imeganda kama ukingoni mwa sufuria,
jasho la miji nisiyoijua, Bulaya nzima.
Nikashona mishono midogo, ya kurudia,
kwa uzi wa nailoni, ule wa kushonea magunia ya makala.
Hariri ingemdanganya.

Mume wangu alikuwa akila bukari mlangoni.
"Mwanaume mzima," akasema, "na soksi hadi kiunoni."
Nikamwambia vaa viatu, tiketi ni mbili.

Kazi yenyewe ni ya kale, imeizidi umri reli yetu:
mhunzi aliuza kivuli chake,
sasa anacheza usiku kucha kukiita kirudi.
Hakuna neno linalosemwa. Nilidhani nitasinzia.

Akaingia.
Hakuruka kwanza. Alitembea tu,
na kisigino chake kiligusa sakafu kana kwamba kimeomba ruhusa.
Akanyoosha kiganja kupima joto la tanuru ambalo halikuwapo,
na sisi ukumbini, watoto wa wayeyusha shaba,
tuliolala utotoni chini ya moshi wa lile bomba refu,
tukalijua joto lile.
Mzee wa mbele yangu alirudisha uso nyuma.

Aliporuka nilitazama kwapa. Nisameheni.
Wengine huenda waliona mwewe, au mwale.
Mimi niliona mshono
ukinyooka, ukinyooka, ukishika,
naye yuko juu bado,
muda wa kutosha kuwataja wanangu wote kwa majina,
na ninao saba.

Mara ya tatu akatua vibaya.
Ule ubao wa kulia umelegea miaka mingi, nani asiyeujua hapa?
Mguu ukateleza, ukumbi ukavuta pumzi.
Naye akauacha uteleze, akaufuata hadi chini,
mhunzi ameona kitu sakafuni, anakiokota,
anafungua kiganja: hamna.
Hapo ndipo nilipompenda.
Kuruka hufundishwa. Kule kuokota, sijui.

Kisha umeme ukakatika.
Nyaya za dunia nzima zinachimbwa chini ya miguu yetu,
na sisi tunajua bei ya mshumaa.
Muziki ukafa katikati ya neno.
Mtu akasonya. Kiti kikalia.
Halafu, gizani, tukasikia nyayo.
Hazikuharakisha wala hazikungoja.
Na pumzi yake, ikienda na kurudi kama mvukuto,
pumzi tuliyokuwa tumefichwa na zile fidla.

Wa kwanza kuwasha tochi ya simu alikuwa mume wangu.
Yeye yule wa soksi.
Akafuata mzee, wakafuata wasichana wa nyuma,
na ukutani, nyuma ya mhunzi asiye na kivuli,
vikasimama vivuli thelathini, arobaini,
vinatetemeka kwa kutetemeka kwa mikono yetu.

Akageuka akaviona.
Hilo halimo katika kazi ya kale, naweza kuapa.
Alisimama kitambo, mabega yakipanda na kushuka.
Kisha akachagua kimoja, kifupi, kilichopinda kando ya pazia,
akakiinamia kama mtu anayemwomba radhi mdogo wake,
akacheza nacho hadi mwisho, bila ala yoyote,
na hakuna aliyethubutu kushusha mkono.
Wangu ulikufa ganzi. Nikaushikilia kwa ule mwingine.

Tulirudi Kamalondo kwa miguu. Mume wangu hakusema kitu.
Penye ile taa moja inayowaka karibu na duka la mikate
nilimwona akiinua kisigino, kidogo tu,
kisha akakohoa.

Leo asubuhi wameleta tena koti.
Safari hii ni kwapa la kulia.
La kushoto limeshika.