Ya Arobaini na Moja

Uani kwa shangazi Mwanajaka, mtaa wa Langoni,
mwarobaini umeupasua ukuta wa matumbawe
ukatokea upande wa pili
kama mgeni asiyebisha hodi.
Majani kwa jirani, magome kwetu:
ndivyo walivyogawana, bila wakili.

Wasema jina lake ni hesabu.
Nilipokuwa mtoto nilihesabu nikaishia tisa:
homa, upele, chango, jino, jipu,
chawa, tetekuwanga, tumbo la kuendesha,
na yale maradhi ya kutotaka kwenda chuoni,
ambayo yaliponywa na harufu tu ya chungu.
Thelathini na moja yaliyobaki
nilidhani wakubwa wanayajua.

Nimekuwa mkubwa. Nina koti jeupe na glavu.
Magome yale niliyabeba kwa mfuko wa sukari
hadi maabara, huko bara,
nikayaanika kivulini siku kumi na mbili,
nikayasaga, nikayaloweka kwenye spiriti, nikachuja,
kilo nzima ikabaki utomvu mweusi wa kujaza kijiko.
Tone moja nikalitia kwenye maji ya zambarau
yanayopima kutu ya mwili
(maana nasi twashika kutu, polepole, kwa kupumua tu)
na zambarau ikapauka, ikapauka,
ikawa manjano ya bizari iliyoingia maji.
Nilipiga kelele. Mlinzi akaja na rungu.

Kisha seli za saratani, ndani ya sahani
isiyozidi kifuniko cha chupa.
Zilitoka kwa mwanamke nisiyemjua,
pengine keshazikwa, nazo hazina habari:
mbili, nne, nane, wapangaji wasiolipa kodi
na bado wanazaa.
Nikatia dozi. Asubuhi ya tatu
zilikuwa zimejikunja kama dagaa juani.
Si zote. Sita katika kumi.
Nikaandika: sita katika kumi, kwa kipimo hiki, ndani ya sahani.
Kalamu ilikuwa na adabu. Mdomo haukuwa nayo.

Nikampigia shangazi usiku ule ule.
— Zalikufa?
— Zilikufa, shangazi.
— Kwa mti wangu?
— Kwa mti wako.
Nikamsikia akicheka, akimwita jirani kwenye ufa wa ukuta.
Ndani ya sahani: hilo nilisahau kulisema.
Au nililisema, simu ikakatika.
Mara ngapi nimejaribu kukumbuka ni lipi.

Nilipokuja likizo, kadi yake ya kliniki
ilikuwa chini ya sufuria, ina duara jeusi
pale palipoandikwa tarehe.
Miezi mitatu hakwenda.
Titi la kushoto kalifunga kwa kipande cha leso.
Na shina la mti lina vidonda vyekundu,
vyote usawa wa mkono wake.

— Shangazi, sahani haina ini.
Haina figo, haina tumbo la kutapika.
Hata sabuni nikiitia, seli hufa.
Dawa ya kuua ni rahisi.
Ya kuua huyu ikamwacha yule,
hiyo ndiyo tunayoitafuta, na hatujaipata.
Akanitazama kama niliyemuuzia samaki wa jana.
— Mbona hukuyasema haya kwa simu?

Siku za mwizi arobaini.
Mzazi hukaa ndani arobaini.
Maiti husomewa arobaini.
Mti huu nao ulipewa zake, ukanyamaza.
Nani aliyeubebesha ya arobaini na moja
ila mimi?

Alfajiri tukashuka gatini, boti ya Mokowe,
kisha basi mpaka Malindi.
Alikubali kwa sharti moja:
thamosi aipakate mwenyewe.
Njia nzima hakuinywa. Hakuimwaga.

Daktari akauliza, bila kuinua uso:
— Kuna dawa nyingine unayotumia?
Shangazi akanigeukia.
— Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyeipima.

Nikafungua kifuniko.
Uchungu ukajaa chumba chote.