Kisanduku cha Tatu

Wete, saa nane za usiku, umeme umerudi.
Feni inaanza upya, na kompyuta yaniuliza neno la siri
kana kwamba hatujuani.

Jirani wakiniuliza kazi, nasema ni kuchambua.
"Karafuu?" aliuliza Bi Mize wa nyumba ya nyuma.
Nikamwambia karibu sawa:
kuna darubini mbali huko, jangwani, inasikiliza mbingu,
inatuma picha laki kwa laki, na ndani yake
zimo nyota zilizokwisha kufa ambazo bado zinapiga,
zinazunguka, tu, tu, tu, kama mshipa wa shingo,
na zimo kelele: rada, setilaiti, ndege ipitayo.
Natenga. Nyota huku, kelele kule.
Nikishatenga elfu kumi, mashine iliyokuwa ikinitazama mkono
inatenga yenyewe milioni.

"Umeifunza sheria gani?"
Hakuna sheria. Shangazi Mafunda naye hakunipa sheria.
Aliniketisha jamvini, nina miaka sita,
nikatia konyo kwenye karafuu, akanichapa vidole.
Nikatia tena. Akachapa. Siku ya tatu
vidole vilijua, wala sijui vilijuaje.
Mashine haina vidole. Kofi lake ni namba:
inapungua, inapungua, mpaka inatulia
kama maji ya mtungini.

Ikatulia. Asilimia tisini na saba.
Wenzangu wa ng'ambo wakaandika hongera.
Ila nyota hafifu, zile za mapigo ya polepole,
ilizikataa zote. Si kwa shaka, kwa yakini.
Si kitu. Si kitu. Si kitu.
Kama mtu aliyefundishwa kukataa.

Nikarudi kwenye daftari la mafunzo kumtafuta mwalimu.
Safu ya elfu sita mia moja na kumi na mbili
hadi elfu sita mia nne na themanini:
usiku mmoja, mkono mmoja, jibu moja.
Tarehe niliijua kabla sijaisoma.

Wodi ya wanaume, kitanda cha pembeni, laptopu magotini
kwa sababu mikono ilitaka kazi.
Baba kalala chali. Nesi Sharifu, kijana wa Kojani,
kamshika kifundo, anatazama saa ya ukutani,
anahamisha kidole, anahamisha tena.
Nami kila picha iliyokuja, bila kuitazama,
nabonya: si kitu. Nabonya: si kitu.
Alfajiri Sharifu aliuachia mkono taratibu,
akaulaza juu ya shuka kama arudishaye kitu cha watu.
Nilibonya mbili zaidi.

Kumbe alikuwepo anayetazama.
Mashine haikujua hospitali, haikumjua Baba.
Ilijua tu kwamba mwalimu wake
akikutana na pigo dogo, la mbali, lililochelewa,
hukata tamaa. Ikadhani ndiyo elimu.
Ikauchukua msiba wa usiku mmoja
ikautandaza mbingu nzima.

Ningeweza kuzifuta. Amri moja,
na picha mia tatu sitini na tisa ziende na usiku wao.
Mafunda angesema: karafuu hazimwagwi
ati kwa kuwa mchambuaji alilia.
Nimechemsha chai. Nimeanza na ya kwanza.

Kelele. Kelele. Setilaiti. Kelele.
Ya mia na kumi: nyota, wazi kabisa, inanitazama
kama mtoto uliyempita njiani bila salamu.
Nikasema kunradhi, kwa sauti, peke yangu chumbani.

Mbili za mwisho ndizo zile.
Moja kelele. Ya pili siioni sawasawa.
Nikipunguza mwanga, ipo. Nikiongeza, haipo.
Mashine ina visanduku viwili tu, ndivyo nilivyoijenga,
nikidhani kujua ni kuchagua.
Nimeongeza cha tatu. Jina lake nimelitafuta
mpaka adhana ikaanza msikiti wa bondeni,
ndipo nikaandika: bado.

Itachukua siku nne kujifunza upya.
Umeme ukiruhusu.